Hodi ya Angani

"Wakazi wote wanatangaziwa kwamba benchi lililokuwa kushoto mwa mlango wa ofisi ya mtaa sasa liko kulia."

Tangazo lilisomwa mara mbili kwa kipaza sauti. Mjane wa fundi saa alilisikia akiwa uani, akifua. Alikuwa katika eda, na hakutoka ila kwa dharura. Ua ule wenye kuta ndefu ndio ulikuwa dunia yake. Humo alivua mtandio, akaanika nywele pamoja na nguo.

Ndipo ikaja droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Ilisimama angani juu ya kamba ya nguo, ikivuma kama nyuki aliyepoteza mzinga. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, apigaye picha za nyumba kwa ajili ya madalali. Jioni picha ilienea kwenye simu za mtaa mzima: nyumba ya jirani inauzwa, paa jipya, na pembeni mjane, kichwa wazi.

Alimwita shemeji, wakasemezana mlango ukiwa kati yao. Shemeji hakuona kosa. Hakuvunja kitasa, wala hakuruka ukuta.

"Shemeji, mguu wangu umekanyaga wapi kwako? Hewa ni ya Mungu."

"Na macho yako ni ya nani?"

Shemeji akasema hasira za msiba zina mwisho.

Mjane akamwita ustadha, mwalimu wa madrasa. Ustadha aliwaeleza kwamba, kwa wanazuoni wengi wa fikihi, hewa iliyo juu ya ardhi huifuata ardhi. Ndiyo maana mtu hatokezi roshani juu ya kiwanja cha jirani bila idhini. Ndege ipitayo mbali haimdhuru mtu, na wanazuoni wa leo wanahitilafiana mpaka huo uishie wapi. Kuchungulia nyumba ya watu, hata hivyo, kulikatazwa tangu zamani, hata kwa tundu la mlango.

"Hodi haikuwekwa kwa ajili ya miguu," alisema. "Iliwekwa kwa ajili ya macho. Unabisha. Usipojibiwa, unarudi."

Shemeji akaifuta picha. Mtaa haukuifuta. Mjane akahamia chumbani, na nguo zake zikakaukia humo, zikinuka uvundo. Nje, droni nyingine zilizidi kupita. Ustadha akapeleka malalamiko ofisi ya mtaa.

Kamati ilikaa, ikamsifu ustadha kwa elimu yake, ikatoa uamuzi:

"Kuanzia leo kila droni ifungwe kipaza sauti, na ipige hodi kabla ya kuingia juu ya ua wa mtu. Kuhusu kungoja kuambiwa 'karibu', kamati imeona kwamba betri haitatosha."