Majani ya Ua la Zambarau

Kila asubuhi Sijaona alikaanga samaki aina ya ngege mbele ya nyumba, karibu na bandari ndogo ya mashua, Bujumbura. Mumewe Rachidi alitengeneza injini za mashua. Akizijaribu, alifika hadi mdomo wa mto. Akirudi, alitega wavu pembeni mwa bandari, penye majani marefu chini ya maji.

Mwaka huu wavu ulirudi mtupu. Siku tatu kikaango kililala baridi, na mtoto wao Lubna alikula ugali mkavu.

"Baba Lubna, samaki wameenda wapi?"

"Uwaulize. Mi sina namba yao ya simu."

Sijaona hakucheka.

Jirani yao Orpha, mpimaji wa maji ya ziwa, alileta sahani ya maharagwe. Alisema amepika mengi mno. Sijaona alijua si kweli, akashukuru. Kisha wao wawili na Rachidi wakashuka bandarini.

Maji yalifunikwa na majani manene yenye ua la zambarau. Orpha akayasukuma, akang'oa jani la chini. Lilikuwa jeusi, linateleza kwa mafuta.

"Nani ameleta haya ya juu?"

Rachidi akakuna kichwa. "Ni mi. Natoaka kule mutoni, nafunika bidoni ya petroli, jua isiichome. Nikifika, majani naitupa humu."

"Na mafuta machafu ya injini?"

"Namwanga humo humo. Ziwa kubwa hivi!"

"Shemeji, nani alikwambia ziwa ni choo?" Orpha akamwonyesha lile jani. "Hili ndilo la kwetu. Lile la juu ni gugu maji, mgeni. Linazaana haraka, linaziba jua. Bila jua, la chini linakufa. Mafuta nayo yanalimaliza. Ngege wadogo walijificha humo. Sasa wakae wapi?"

"Kumbe ni mi nimewafukuza," Rachidi akasema polepole.

Sijaona alikuwa na neno kali ulimini. Alimtazama mumewe, akalimeza, akashika reki.

Walitoa magugu, wakayakausha mbali na maji. Rachidi akafunika bidoni, dumu lake la petroli, kwa gunia bichi. Mafuta machafu aliyatia kwenye bidoni yenye kifuniko, akayapeleka gereji inayoyakusanya. Kabla ya kuondoka mtoni alitoa kila jani lililonasa kwenye injini na kamba.

"Fundi ananyoa injini ndevu!" mafundi wenzake walimcheka. Baadaye nao waliomba magunia.

Gugu lilirudi mara mbili. Wakaling'oa mara mbili. Mvua zilipokwisha, majani mabichi yalionekana chini, na ngege wadogo kama kucha.

"Apana kutega," Rachidi akasema. "Wakue kwanza."

Walipokua, Sijaona aliwasha moto. Sahani ya Orpha ilikuwa bado kwake, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ngege wa kwanza akalala juu yake, mzima, na limau kando.