Gauni la Marehemu Dada

Haya yalimpata rafiki yangu anayechora maua kwenye nguo kwa rangi ya akriliki. Dada yake, aliyekuwa na kidole cha mwisho kilichopinda tangu utotoni, alikuwa amefariki. Kaburi likiwa bado bichi, mume wa marehemu akamletea rafiki yangu gauni jeupe la mkewe huyo.

"Lichore maua, shemeji. Mchumba wangu amelipenda."

"Huna hata haya?"

"Aliyekufa havai."

Rafiki yangu akameza uchungu, akalipokea. Kama kawaida yake, alitia kadibodi safi ndani ya gauni ili rangi isipenye hadi mgongoni. Akachora maua mekundu kifuani, akayaacha yakauke.

Jioni umeme ukakatika. Gizani akasikia kwaru, kwaru, kama kucha kwenye kadibodi.

"Panya wa nyumba hii hawana adabu, kama shemeji," alijisemea.

Akapapasa maua: yamekauka kau. Sauti ilitoka ndani ya gauni, chini ya mkono wake, kisha ikanyamaza.

Umeme uliporudi, akaichomoa kadibodi. Maua hayakuwa yamepenya hata tone. Katikati palikuwa na alama nyekundu ya kiganja. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, na rangi ilikuwa bado mbichi.