Lifti ya Koko

Lifti mbovu haina mwenyewe. Kila mtu huilalamikia, kisha kila mtu hupanda ngazi.

Katika jengo moja huko Stratford, Uingereza, hodari wa kupanda ngazi alikuwa Tirza. Alikuwa msichana wa Kiyahudi, mwanafunzi wa chuo, akiishi ghorofa ya saba na wazazi wake. Siku ya Sabato, tangu jua kutua Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi, hakugusa lifti, simu wala kalamu. Ndivyo alivyolelewa, naye aliipenda siku hiyo. Kwa hiyo lifti ilipoharibika, miguu yake haikushangaa.

Aliyeumia ni Koko. Koko ni neno la Wakongo la kumwita bibi, na jengo zima lilimwita hivyo. Aliishi ghorofa ya sita na binti yake Anne-Marie na mjukuu wake Reine. Magoti yake yalikuwa mabovu. Tangu lifti ife, hakushuka hata mara moja. Na Jumapili ya Pentekoste, Reine angepata kipaimara kanisani.

"Mtoto wa mtoto wangu apakwe mafuta, na mimi nitazame dirishani?" Koko alimwuliza Tirza.

Tirza aliona uchungu. Akaiandikia kampuni ya nyumba barua pepe, tena kwa Kiingereza kitamu. Akaandika nyingine, na nyingine. Kila mara alijibiwa: tumepokea malalamiko yako. Kupokea walipokea, kutengeneza ndiyo ilikuwa kazi.

Akamwendea Laurean, jirani Mtanzania wa ghorofa ya pili. Zamani Laurean alihangaikia taa za barabarani mpaka zikawaka.

"Umeandika vizuri, dada," alisema Laurean. "Lakini barua pepe haina magoti. Watu waende kwa diwani. Hukaa maktaba kila Jumamosi asubuhi, anasikiliza shida za watu. Hakuna kulipa."

"Na asiye raia?"

"Akiishi katika eneo lake, ni mtu wake."

Tirza alinyong'onyea. "Jumamosi asubuhi niko sinagogi. Sasa nani atasema?"

Laurean alicheka. "Kwani magoti ni ya nani?"

Swali hilo lilimwingia. Katika barua zote zile, hakuwahi kumwuliza Koko wala Anne-Marie wao wangependa kusema nini. Aliona haya kidogo.

Jioni akaenda kwao. "Mama Reine," alimwambia Anne-Marie, "Jumamosi uende kwenye surgery ya diwani."

Neno hilo Koko alilijua vizuri. Alilisikia hospitali. Akakumbatia goti lake kwa mikono miwili.

"Miye hapana! Diwani asinipasue!"

Anne-Marie alicheka mpaka akakaa chini. Tirza alipoelewa, naye akacheka hadi machozi. Kisha akaeleza kwamba Waingereza hutumia neno hilo hilo kwa siku ya diwani kukutana na watu. Kisu hakuna.

"Lakini Kiingereza changu kinachechemea kama mama," alisema Anne-Marie.

"Acha kichechemee. Usimweleze habari za lifti, mweleze habari za mama. Halafu mwulize itatengenezwa lini, na nani atafuatilia. Usiinuke kabla hujajibiwa."

Wakafanya mazoezi. Tirza akawa diwani.

"Diwani gani anachekacheka?" Koko alifoka kutoka kwenye kiti chake.

Jumamosi, Tirza alisali kwa mdomo, akili ikiwa maktaba. Je, Anne-Marie amekwenda? Amesema? Simu ilikuwa nyumbani, na hata ingekuwa mfukoni asingeigusa. Hamu ya kujua ilimwasha kama upupu. Sala ilipokwisha alirudi kwa miguu, akapanda hadi ghorofa ya sita, akagonga mlango kwa mkono, maana kengele ya umeme nayo haiguswi siku hiyo.

"Haya, niambie!"

"Nilikwenda na majirani watatu," alisema Anne-Marie. "Nikamweleza habari za mama na kipaimara. Akasema atafuatilia. Nikakaa. Akasema asante. Nikakaa tu. Mwishowe akasema Jumatatu ataipigia kampuni yeye mwenyewe. Nikamwambia vizuri, na mimi Jumatatu jioni nitakupigia wewe."

"Ulimwambia hivyo?"

"Kwani nilikosea?"

"Hapana," alisema Tirza. "Mimi nisingethubutu."

Jumatatu Anne-Marie alipiga simu kweli. Fundi alikuja wiki hiyo hiyo. Siku ya Pentekoste, Koko alishuka kwa lifti amevaa kitenge kipya, na kanisani akaketi mbele kabisa.

Jumamosi iliyofuata, Tirza alimkuta Koko chini, ndani ya lifti, pamoja na majirani wengine.

"Ingia, mwanangu!"

"Leo Sabato, Koko. Napanda ngazi."

Koko alishangaa. "Umeipigania lifti, halafu unapanda ngazi?"

"Nilikuwa naipigania yako."

Koko akabonyeza vitufe vyote. Kila ghorofa mlango ulifunguka, naye akauzuia kwa fimbo mpaka Tirza atokeze kwenye ngazi, akihema, wasalimiane. Majirani wakaanza kunung'unika.

"Mkichoka," Koko aliwaambia, "nendeni kwa diwani. Yuko maktaba kila Jumamosi."