Tepu Inayoanzia Saba

Sindano alipoteza springi moja ya injini, na hakumwambia mtu.

Ilikuwa Jumatano baada ya shule. Kama kawaida alivua sare, akavaa ovaroli la zamani la shangazi yake, lililokunjwa miguu mara tatu, akaketi kwenye kigoda chake karakanani kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na vidole vyembamba vilivyopenya mahali ambapo vya watu wazima hukwama. Ndiyo maana wakamwita Sindano. Karakana ilikuwa ya shangazi yake, fundi wa injini, na kazi iliyokuwa mezani siku hiyo haikuwa ya kila siku.

Injini nyingi zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii haikuwa nayo hata moja. Ndani yake mlikuwa na rota, chuma kinene chenye pembe tatu na mashavu yaliyovimba, kinachozunguka ndani ya ganda lake. Kwenye kila pembe hukaa kipande chembamba ambacho mafundi hukiita sili. Sili hugusa ukuta wa ganda muda wote ili moto usivuje. Chini ya kila sili kuna springi, ukanda mwembamba wa chuma uliopinda, unaoisukuma nje. Pembe tatu, sili tatu, springi tatu. Sili ikilegea, injini inakosa nguvu. Ikivunjika, inaparura ganda, na ganda lingine la namna ile halikuwepo mji mzima.

Mwenye injini alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa pili. Aliikuta kwenye rundo la chuma chakavu, akataka ifungwe kwenye pikipiki aliyoibuni mwenyewe. Alikuwa amesubiri miaka miwili. Jumamosi saa nne asubuhi yalikuwepo maonyesho ya magari na pikipiki zilizoundwa kwa mikono, na maonyesho hayo hufanyika mara moja tu kwa mwaka.

Shangazi alikuwa na sheria moja. Vipande vidogo viliwekwa kwenye trei ya mayai, kila kimoja na shimo lake. "Shimo likiwa tupu, hakuna kugusa spana," alisema kila siku, mpaka Sindano akawa anaisema usingizini.

Jumatano ile shimo moja la springi lilikuwa tupu.

Alikung'uta matambara. Akatambaa chini ya meza. Akapekua mifuko ya ovaroli mara mbili, kisha mara ya tatu. Nje, Shangazi alikuwa akibishana na Cheche, mchomeleaji aliyefanyia kazi kwenye kivuli cha karakana.

"Sindano, hesabu imetimia?" Shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

"Imetimia, Shangazi."

Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. Sasa alikuwa na uongo mmoja na shimo moja tupu, na Shangazi alikuwa ananawa mikono aje mezani. Sindano akatazama ukutani. Tepu ya kupimia ilining'inia kwenye msumari. Nayo ni ukanda wa chuma chembamba. Alichukua mkasi wa kukatia bati, akakata sentimita saba za mwanzo, akakwangua rangi ya njano kwa msasa, akakipinda kile kipande na kukipaka grisi. Shangazi alipochungulia trei, mashimo yote yalikuwa yamejaa. Kupachika springi ilikuwa kazi ya vidole vya Sindano, kwa hiyo hakuna mwingine aliyezishika.

Alhamisi injini iliwaka. Mwoka mikate alipiga makofi, lakini Shangazi aliinamisha kichwa kusikiliza. Injini hiyo ikiwa nzima huvuma kama nyuki, sauti moja isiyokatika. Hii ilivuma, ikachechemea, ikavuma, ikachechemea.

"Sili hazijazoeana na ukuta," Shangazi alisema, ingawa uso wake haukukubali. "Tutaona."

Spana ilimponyoka Sindano mkononi.

Ijumaa darasani hakutulia. Alichonga penseli mpaka ikabaki kipande cha kushika kwa kucha. "Umekalia siafu?" mwalimu alimuuliza, na darasa zima likacheka. Usiku alihesabu pembe za rota badala ya kulala, na kila mara moja ilipungua.

Jumamosi asubuhi pikapu ilikuwa mlangoni kubeba pikipiki, injini ikiwa imefungwa tayari. Mwoka mikate alikwisha kuvaa helmeti, utadhani pikapu nayo inaendeshwa kwa helmeti. Shangazi akachukua tepu apime ubao wa kupandishia pikipiki. Akaivuta, akautazama mwanzo wake uliokatwa.

"Cheche, njoo hapa. Nani kakata tepu yangu?"

"Sijui, Fundi."

"Mwezi jana ulikata rula yangu, ukaniambia imenywea kwa jua."

"Ile rula nakubali. Hii siyo mimi."

"Basi imejikata yenyewe."

"Nikikosa nakiri. Nisipokosa, nikiri nini?"

"Nimechoka nawe. Kusanya nyaya zako, ukatafute kivuli kingine."

Cheche hakubishana tena. Alichuchumaa, akaanza kukunja waya wa mashine yake polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote. Sindano alimwona akifunga fundo, likafunguka, akalifunga tena.

"Ni mimi, Shangazi."

Wote wakageuka.

"Nilipoteza springi. Nikakata tepu."

"Na kipande kiko wapi?"

"Kwenye injini."

Mwoka mikate alivua helmeti. "Lakini si inawaka? Twende tu, Fundi. Tutaifungua Jumatatu."

Shangazi alichomoa ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni. "Tepu imetengenezwa kupima. Haikutengenezwa kuungua. Ukiipigisha moto pale uwanjani, utarudi na chuma chakavu kama ulivyokiokota."

Pikapu iliondoka tupu. Walifungua injini saa hiyo hiyo. Kile kipande kilikuwa kimekatika vipande viwili, sili imemeguka ncha, na ukuta wa ganda ulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Mwoka mikate aliupapasa, akatoka nje, akasimama akiitazama barabara.

"Jumatano mafuta ya kuoshea uliyamwaga wapi?" Shangazi aliuliza.

Sindano alionyesha ndoo iliyo nyuma ya mlango. Cheche, ambaye alikuwa hajaambiwa hata samahani, alichukua sumaku ya spika mbovu, akaizungusha ndani ya ndoo mara mbili. Ilitoka na tope jeusi, na katikati ya tope, springi.

"Dakika moja," alisema Cheche. "Hata chai haijapoa."

Shangazi alimgeukia yeye kwanza. "Rudisha waya wako. Nimekuonea." Kisha akamtazama Sindano. "Sikiliza, mwanangu. Springi kupotea ni bahati mbaya, hata mimi zimenipotea. Ile ya pili hukuipoteza, uliikata kwa mkono wako. Bahati mbaya nitakusaidia kuitafuta. Uongo siwezi kuutafuta, maana sijui kama upo. Ungesema Jumatano, tungetumia dakika moja."

Ukuta ulisuguliwa kwa mkono mpaka ukawa laini. Sili ilichongwa upya na fundi wa mashine za kukereza, aliyeharibu mbili kabla ya kupata moja. Siku walipoiwasha, injini ilivuma kama nyuki, sauti moja, na mwoka mikate akazunguka mtaa mara nne bila helmeti, hadi Shangazi akamkaripia.

Gharama ya uongo ule ilikuwa hii: sili moja, siku kumi na tisa za kazi, maonyesho ya mwaka mzima, na asubuhi moja ambayo mtu asiye na kosa alikunja waya wake. Na tepu. Shangazi alikataa kununua nyingine. Ingali kwenye msumari wake, inaanzia saba, na Sindano anapopima chochote lazima atoe saba ndipo apate ukweli.