Kavugho na Mlima wa Goma

Asubuhi ile Kavugho hakukaa kitako. Alishona mshono mmoja, akasimama. Akachungulia nje, akarudi, akashona mwingine. Huo nao ukaenda upogo, akaufumua huku akisonya.

Mvua ilikuwa ikinyesha mtaani Namuwongo, na ilikuwa Januari, mwezi ambao watu huanika nguo bila wasiwasi. Lakini kilichomkosesha raha kilikuwa simu yake.

Kavugho ni fundi cherehani, mkimbizi kutoka Goma. Mwaka huu alijiunga na masomo ya mbali. Somo linakuja kwa simu, jibu linarudi kwa simu, na mwalimu hamjui hata kwa sura. Walikuwa wakisoma kwa nini mvua na joto hubadilika mwaka hadi mwaka. Swali la kwanza alilijibu mbio mbio, tena kwa hasira. Sasa mwalimu alikuwa ameandika: "Umetaja sababu moja tu, nayo si sahihi. Andika upya. Mwisho ni leo saa sita mchana. Usipoleta, utaondolewa darasani."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Ndipo akaingia Mzee Okidi wa mtaa wa Makindye kuchukua suruali yake. Okidi ni askari mstaafu. Kazi yake jeshini ilikuwa kupima mvua kwenye kiwanja cha ndege, miaka mingi.

"Mama Princesse, suruali iko tayari?" akauliza, akimwita Kavugho kwa jina la mtoto wake.

"Bado, Afande. Mwalimu anataka kunifukuza!"

"Uliandika nini?"

"Niliandika ni Nyiragongo. Ile mlima ilitapika moto, moshi yake ikaharibu mvua yote. Ilichoma nyumba yangu, Afande! Itashindwaje kuharibu mvua?"

Okidi hakucheka. Alifanya vizuri, maana Kavugho alikuwa na mkasi mkononi.

"Ile moto ilitoka mwaka gani?"

"Elfu mbili ishirini na moja, mwezi wa tano."

"Na mvua ya kushangaza, uliona kwanza lini?"

"Elfu mbili kumi na tisa. Mvua ilikataa kukatika. Maharagwe ya mama yote ikaoza..." Kavugho akauweka mkasi mezani.

"Umeona? Mvua ilitangulia," Okidi akasema. "Mwaka ule Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu. Mvuke mingi ikapanda, mvua ikazidi. Hiyo ni mambo ya asili. Volkano pia ni asili, lakini inayobadilisha hewa ni ile ambayo moshi yake inafika juu kabisa. Inazuia jua, dunia inapoa mwaka moja, mbili. Ya kwenu ilimwaga moto chini."

"Na watu? Hawana kosa?"

"Wako nayo, kubwa sana! Tunachoma petroli, tunachoma makaa, tunakata misitu. Gesi inabaki juu, inashika joto kama blanketi. Hii joto ya dunia inayopanda siku hizi, imeletwa na watu."

Kavugho akaitazama pasi yake ya mkaa. "Hata hii?"

"Hata hiyo, kidogo. Magari na viwanda ndiyo kubwa."

"Na mafuriko ya mtaro wetu?"

"Mtaro yenye imejaa chupa haileti mvua. Inaleta maji ndani ya nyumba. Usichanganye. Na kwa sababu ya mvua ya leo peke yake usiandike kwamba hali ya hewa imebadilika. Hesabu miaka mingi, kama thelathini."

Kavugho akaanza kuandika. Akasimama, akaketi, akafuta, akaandika tena. Okidi akasubiri suruali yake bila kunung'unika, jambo ambalo si kawaida yake. Saa sita kasoro dakika nne, jibu likaenda. Sentensi ya mwisho ilisema: "Mlima ulichoma nyumba yangu, lakini haukuleta mvua hizi."

Jumatatu simu ikalia: "Umefaulu. Endelea na somo la pili." Jumamosi iliyofuata Kavugho aliwaita majirani, wakazoa chupa za mtaroni. Mvua iliporudi, maji yalipita mtaroni, yakaacha vitambaa vyake vikavu.

Kavugho alikaa mlangoni akiyatazama maji yakienda. Hakuinuka hata mara moja. Miaka yote alikuwa ameukasirikia ule mlima, na hasira haikumpa nafasi ya kulia. Siku ile aliililia nyumba yake ya Goma mpaka akatosheka, kisha akafungua somo la pili.