Mbwa Aliyeitwa Karibu

Huyu ni Sekela. Anakaa Tukuyu, kwenye baridi na mvua. Anakaa na Bibi yake, na paka mmoja mwenye maringo.

Paka huyo ni mweupe pe. Anaitwa Nyange. Ukimsalimu, haitikii. Anakutazama tu, utadhani nyumba ni yake na wewe umekuja kumpigia deki.

Siku moja Mjomba Ambakisye alileta mbwa mdogo.
"Anaitwa nani?" akauliza Sekela.
"Anaitwa Karibu," akajibu Mjomba.

Karibu! Jina gani hilo? Lakini wakubwa ndio walivyo. Wakishasema, wamesema.

Nje mvua ilinyesha, shaa, shaa, shaa. Basi mbwa akalala ndani, kando ya jiko.

Nyange akamtazama kutoka masikio mpaka mkia.
"Nyoo!" akasema Nyange. "Huyo naye!"

Asubuhi mtu akabisha mlangoni.
"Hodi!" Alikuwa Mama Bupe, jirani yao.
"Karibu!" akaitikia Bibi.

Pu-pu-pu-pu! Mbwa huyo, mbio kutoka jikoni! Akamruka Nyange. Akatia mguu kwenye bakuli la maziwa la Nyange. Chubwi!

Nyange akaparamia kabati mpaka juu kabisa. Manyoya yote yamemsimama.
"Nyoo! Huyo naye! Hana adabu!"

"Toka nje!" Bibi akafoka.
Mbwa akatoka, mkia ameufyata. Mvua ikamnyeshea, shaa, shaa, shaa. Maskini, hakujua kosa lake.

Mchana akaja muuza ndizi.
"Hodi!"
"Karibu!"
Pu-pu-pu-pu! Chubwi!
"Nyoo! Huyo naye!"
"Toka nje!"

Jioni akaja mchungaji wa kanisa.
"Hodi!"
"Karibu!"
Pu-pu-pu-pu! Chubwi! Safari hii si maziwa peke yake. Na chai aliyoandaliwa mchungaji ikamwagika, puu!
"Nyoo! Huyo naye!"
"Toka nje!"

Nyange akagoma kushuka kabatini. Akagoma hata kula.

"Paka na mbwa hawapatani," akasema Bibi. "Ndivyo walivyoumbwa. Kesho Mjomba wako aje amchukue mbwa wake."

Ndivyo walivyoumbwa! Hilo ndilo jibu la mtu aliyechoka kufikiri.

Sekela akalia. Alimpenda mbwa. Alimpenda na Nyange, pamoja na maringo yake yote.

Kesho yake Sekela akakaa sakafuni, kando ya mbwa. Mbwa alitulia tuli. Hakubweka. Hakukimbiza mtu.

Nyange akachungulia kutoka juu. Akashusha mguu mmoja. Akashusha na wa pili.

"Hodi!" Ni Mama Bupe tena.
"Karibu!" akaitikia Bibi.
Mbwa akainua masikio. Akataka kutimka, pu-pu...
Sekela akamkumbatia. Kwanza akashangaa. Kisha akaelewa.

"Bibi, unamwita mwenyewe!"
"Nani kamwita? Mimi namkaribisha Mama Bupe."
"Mbwa anaitwa nani, Bibi?"
"Anaitwa Kari..." Bibi akajiziba mdomo.

Mama Bupe akacheka mpaka akashika ukuta.

Haya sasa! Nani hana adabu? Unamwita mbwa. Anakuja. Halafu unamfukuza kwa sababu amekuja!

"Basi tumwite Pole," akasema Bibi, upesi upesi.
Pole! Hebu msikieni.

Wakampa mbwa viazi, wakamwita Pole mpaka akalizoea jina hilo. Kisha Bibi akajikwaa kwenye kigoda.
"Pole!" akasema Mama Bupe.
Pu-pu-pu-pu! Chubwi!
"Nyoo! Huyo naye!" Nyange huyo, juu ya kabati.

Sekela akafikiri. Akafikiri sana.
"Bibi, tutafute neno ambalo halisemwi humu ndani."
"Neno gani hilo?"
"Samahani."
"Nani asiyelisema?"
"Wewe, Bibi. Mimi sijawahi kulisikia."

Bibi akamtolea macho. Kisha akacheka, maana bibi na mjukuu ni watani.
"We mtoto, una mdomo! Haya, mwite Samahani."

Sekela akaita, "Samahani!" Mbwa akija, anapata kipande cha kiazi. "Samahani!" Kiazi tena. Bakuli la Nyange akaliweka juu ya benchi, mbwa asilifikie.

Alasiri akaja Mjomba Ambakisye.
"Hodi!"
"Karibu!"
Mbwa akapiga mwayo.

"Nimekuja kumchukua yule mtukutu," akasema Mjomba.
"Mtukutu gani?" akauliza Bibi. "Humu hakuna mtukutu. Kaa unywe chai."

Nyange akashuka polepole, mguu mmoja, mguu mwingine. Akanywa maziwa yake yote. Akamnusa mbwa puani.
"Nyoo," akasema. Lakini hakukimbia.

Jioni Sekela akapanda kitandani. Mvua ikaanza, shaa, shaa, shaa. Mbwa alikuwa nje, chini ya mgomba.

Bibi akasimama mlangoni.
"We mbwa! Njoo ndani!"
Mbwa hakusogea. Alimwogopa. Bibi huyu ndiye aliyemfukuza kila mara.

Bibi akatazama kulia. Akatazama kushoto. Asije Mama Bupe akasikia!
"Samahani," akasema kwa sauti ndogo.
Mbwa hakusikia.

"Samahani!" Bibi akaita kwa nguvu. "Samahani, njoo ndani!"
Mbwa akaja mbio, akajikung'uta maji, akalala kando ya jiko.

Nyange akaona baridi. Akajisogeza. Akajisogeza tena. Akalala, mgongo wake kwenye tumbo la mbwa.

Bibi akafunga mlango taratibu. Akainama, akawafunika wote wawili kwa khanga yake kuukuu.

"Samahani," akasema Bibi, na mbwa alikuwa ameshalala.