Chungu cha Shilingi Mbili

"Nyundo kwa Kinu. Unanipata?"

"Kinu nakupata. Sema."

"Pijo nyeupe ipo kizuizini. Magari manne mbele yake. Damiano wa forodha ameshashika kalamu."

"Mwambie aiweke chini."

"Anasema barua ya mgeni ina mihuri mitatu."

"Gwakisa, mwambie aiweke chini."

Mwasiti Saidi, ofisa wa usalama, alitupa kipaza sauti kitini na kukandamiza kanyagio. Land Rover ikanguruma kwenye lami ya kutoka Vwawa. Saa nne asubuhi, Ijumaa, Oktoba 1976. Bastola aina ya Browning ilikuwa kiunoni, chini ya kitenge. Hasira ilikuwa kila mahali.

Alikuwa na hasira na mzungu wa ile Pijo. Alikuwa na hasira zaidi na nafsi yake.

Agizo kutoka Dar es Salaam lilifika kwa simu ya maandishi alfajiri ile, maneno sita ya fumbo. Maana yake ilikuwa moja: hakuna chuo kikuu duniani kinachomjua Daktari Voss, na jiwe lisivuke mpaka.

Jiwe lenyewe lilianguka kutoka mbinguni, kwenye shamba la mahindi la Bibi Ikupa, juu ya Itumba. Kilo nne, jeusi. Bibi alilitia kwenye kikapu, akalibeba kichwani hadi ofisi ya serikali, akasema ni mali ya nchi. Hakuomba hata senti. Likapelekwa kwenye maabara ndogo ya madini pale Igamba, mikononi mwa Andongwisye, mpimaji pekee aliyejua kuiendesha mashine ya mwanga.

Mashine hiyo humulika jiwe na kupima mwanga unaorudi, rangi moja baada ya nyingine, hata zile ambazo jicho haliwezi kuziona. Kalamu huchora mstari wenye vilima na mabonde. Kila madini yana mstari wake, na hayaazimani. Mwaka ule vyombo vilikuwa vimetua kwenye sayari ya Mirihi, na wataalamu wa mataifa makubwa walihitaji mistari ya mawe yaliyopimwa hapa duniani ili waelewe mwanga unaotoka kule. Jiwe la Bibi Ikupa lilikuwa na bonde moja ambalo halikuwa limeonekana kwenye jiwe lolote.

Basi akaja Voss, mgeni wa heshima. Akala ugali wetu, akasifu milima yetu, akaiba jiwe na kuacha jingine mahali pake.

Jumatatu Andongwisye alilipima tena, kama alivyofanya kila asubuhi, akaona mstari mwingine. Akatoa taarifa mwenyewe. Voss akamnyooshea kidole: ufunguo anao nani? Jumanne Mwasiti akamfunga pingu.

Alimfunga kwa mikono yake. Andongwisye alimwonyesha karatasi mbili zenye mistari miwili, akamwomba alinganishe. Mwasiti alipoichukua moja, yule bwana akasema, "Ndugu, nawa mikono kwanza." Mwasiti aliona ni dharau. Akazikunja karatasi na kumsukuma garini.

Kesi ilikuwa Jumatatu inayofuata, wizi wa mali ya nchi. Bila jiwe, mahakama ingesoma maelezo ya mgeni yenye mihuri. Miaka kumi na mitano jela, na watoto watatu nyumbani.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, Mwasiti alipita mahabusu ya Vwawa.

"Atalificha wapi?"

Andongwisye hakumtazama. "Si kwenye gunia la kahawa. Wala karibu na mafuta. Jiwe likipata mafuta, mashine inasoma mafuta. Atalilinda kuliko mwanawe." Akajifuta viganja kwenye shati. "Na likichafuka, ndugu, mimi ndiyo basi. Mstari hautafanana."

* * *

Tunduma ilikuwa vumbi, malori ya Leyland na kelele za wabadilishaji wa kwacha. Pijo ilikuwa imebakiza gari moja mbele yake.

Mwasiti aliiegesha Land Rover mbele ya kizuizi, kimshazari. Gwakisa, mwenzake wa redio, akatokea na polisi wawili wenye bunduki.

"Daktari. Shusha mizigo."

Voss alishuka bila haraka. Suti ya kaki, saa ya Rolex, tabasamu. "Binti, nina barua ya Wizara." Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha Damiano.

"Shusha."

Sanduku la mawe kumi na mawili, yote yenye kibali. Begi la nguo. Kamera ya Leica. Vitabu. Godoro la kambi. Kuku wawili wa mbao na chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, vya kupeleka nyumbani. Gwakisa alipekua mpaka chini ya viti. Akatikisa kichwa.

Damiano alikohoa. "Dada, tutaingia matatani. Mgeni huyu..."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mwasiti. "Huyu mwenyeji wake yuko mahabusu."

Akavuka barabara. Hatua ishirini kutoka kizuizini, Mama Pili alikuwa akikaanga maandazi, kama alivyofanya tangu bendera ya mkoloni. Alikuwa mama yake mzazi, na aliamini binti yake ni karani wa kampuni ya mbolea.

"Shikamoo, mama. Naomba mafuta."

"Marahaba. Safi au ya jana?"

"Ya jana."

Mama Pili akamtolea debe dogo lenye mafuta meusi. "Urudishe debe."

Mwasiti alirudi, akamimina mafuta juu ya jiwe la kwanza. La pili. La tano. La kumi na mbili. Voss akawasha sigara ya Sportsman.

"Endelea. Mawe hayaoni haya."

Halimo humo, basi.

Akamimina kwenye begi la suti. Voss akavuta moshi. Akaishika Leica ya maelfu ya shilingi na kuitumbukiza debeni. Watu wakaguna. Voss akapandisha mabega tu.

Mwasiti akainua debe juu ya chungu cha shilingi mbili.

"Hicho hapana!"

Voss alikuwa amepaza sauti. Sigara ilikuwa imeanguka chini.

"Kamera sawa," alisema Mwasiti polepole, "ila chungu hapana?"

Mkono wa Voss uliingia ndani ya koti na kutoka na bastola ya Walther. Hakuwahi. Debe lilimfika usoni, mafuta ya jana yakamjaa machoni, na teke la Mwasiti likakivunja kifundo cha mkono. Bastola ikaruka chini ya lori. Gwakisa akamlalia mgongoni na kumfunga pingu.

Mdomo wa chungu ulikuwa umezibwa kwa nta, na Gwakisa alikuwa amekipita kama zawadi tu. Ndani mlikuwa na pamba nyeupe, na katikati ya pamba jiwe jeusi, kavu.

"Hamjui hata mlicho nacho," Voss alitema vumbi. "Kwenu ni jiwe tu."

Mwasiti alichuchumaa mpaka nyuso zikakaribiana. "Aliyekuwa hajui ni mimi. Bibi Ikupa alijua, hana hata darasa moja. Andongwisye alijua, na kwa sababu yako nimemlaza sakafuni siku tatu. Sasa utalala pale pale."

Akaokota debe, akalirudisha kwa mama yake.

"Limebonyea," alisema Mama Pili.

* * *

Saa nane mchana, maabara ya Igamba. Jenereta lilikuwa likitetemesha madirisha. Andongwisye alisimama mbele ya mashine yake, alama za pingu bado mikononi.

"Nilikosea," alisema Mwasiti.

"Ndiyo. Ulikosea."

Mwasiti alinyoosha mkono kulitoa jiwe chunguni.

"Usiliguse. Mikono yako ina mafuta."

Akairudisha mikono nyuma kama mwanafunzi. Andongwisye alinawa, akajikausha, akaliweka jiwe mahali pake. Taa ikawaka. Kalamu ikaanza kutembea: kilima, kilima, kisha lile bonde. Akaichukua karatasi ya zamani iliyokunjwakunjwa, akaiweka juu ya mpya, akaziinua dirishani. Mstari ukawa mmoja.

Andongwisye akakaa kwenye kiti, akajifunika uso.

Mwasiti aliacha mezani ufunguo wa pingu alizomfunga, akatoka. Redio ilikuwa ikimwita.

"Nyundo kwa Kinu. Kuna gari jingine mpakani, Isongole. Unaondoka saa ngapi?"

Alilitazama bomba la maji uani.

"Subiri, Nyundo. Nanawa mikono kwanza."